Udhibiti: Mamlaka ya Karatasi na Uwezo wa Kuzuia

Tarehe 30 Oktoba 1894, jeshi la Wajerumani likiongozwa na Gavana Friedrich von Schele liliivunja ngome ya Kalenga, karibu na ulipo mji wa Iringa hivi leo. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa kimeteketezwa na wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huko Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Kwa wakoloni, kuanguka kwa Kalenga kulikuwa ni kulipiza kisasi na kufunga hesabu: ngome imevunjwa, silaha zimetekwa, nchi ya Wahehe imetiwa mkononi. Kumbe mwenye nchi alikuwa ametoroka, na kwa takriban miaka minne iliyofuata aliendesha vita vya kuvizia katika misitu na mapango ambayo maofisa wa Kijerumani waliyajua kwa jina tu. Wakajenga boma Iringa, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na mwishoni mwa mwaka 1896 wakamsimika ndugu yake Mpangile awe mtawala. Kabla hata ya robo mwaka kupita wakamnyonga huyohuyo waliyemsimika, kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake kwa siri. Mkwawa alijiua huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai.

Historia hiyo inafahamika kwa wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini, na hapa tunaileta kwa sababu ya swali moja linalotuhusu sisi tunaofundisha sheria kwa umma: kati ya mwaka 1894 na 1898, ni nani aliyekuwa akiidhibiti Uhehe? Mjerumani alikuwa na boma, bendera, hati na mtawala wa kupandikizwa. Alichokosa ni kujua kinachotendeka usiku vijijini, na hata alipojua, alikosa njia ya kukizuia kabla hakijatendeka. Kuwa na mamlaka juu ya jambo na kulidhibiti jambo hilo ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa miaka mingi bila kulipata la pili. Anayedhibiti sharti ajue linaloendelea, awe na njia ya kulibadilisha, na njia hiyo ifanye kazi wakati bado unaruhusu. Kimoja kikipungua, kinachobaki ni cheo.

Katika vita kuna kitu kingine kinachoponyoka haraka kuliko nchi, nacho ni neno. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Matumbi. Kama udhibiti wa vita ungekuwa mikononi mwa mtu mmoja, vita vingeishia hapo. Badala yake habari ya maji yake, yaliyoaminiwa kumkinga mtu na risasi, ilisafiri bila yeye, ikafika Ungoni na Ubena, na mapigano yakaendelea hadi mwaka 1907 huku mashamba na maghala yakichomwa makusudi na majeshi ya kikoloni, jambo lililoleta njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Ebrahim Hussein aliliona hilo vizuri katika tamthiliya yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Mhusika wake mkuu anatambua kwamba neno alilolitoa yeye sasa linawaongoza watu bila kumsubiri, na hata anapotaka kulirekebisha hawezi tena, kwa kuwa waliolipokea wameshalifanya lao. Kwa maoni yangu hakuna maandishi ya Kiswahili yanayoeleza kwa ukali zaidi namna mtu anavyoweza kuwa chanzo cha jambo bila kuwa mdhibiti wake. Kila anayesambaza ujumbe kwenye kundi la simu, kisha akaomba ufutwe baada ya saa mbili, yumo katika tatizo hilohilo, ingawa kwa kipimo kidogo zaidi.

Sheria nayo haikuweza kukwepa tofauti hii, kwa sababu kazi yake ni kuamua nani awajibike. Mfano ulio karibu nasi zaidi ulitoka Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ambayo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliianzisha Novemba 1994 na ambayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Ibara ya 6(3) ya sheria iliyoiunda ilisema kwamba mkubwa anaweza kuwajibika kwa uhalifu wa walio chini yake endapo alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba wanataka kuutenda au wameutenda, naye asichukue hatua za maana za kuuzuia au kuwaadhibu. Kanuni hiyo ilizaliwa kwa ajili ya makamanda wa kijeshi. Mwaka 2000 mahakama hiyo iliitumia kwa raia, Alfred Musema, aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu.

Msomaji wa Mufindi au Rungwe, anayeijua chai kuanzia shambani hadi kiwandani, anaweza kuifuata hoja ya majaji bila msaada wa wakili. Walipima mambo ya kawaida kabisa: mkurugenzi alikuwa na uwezo wa kuajiri na kufukuza, magari ya kiwanda yalikuwa chini yake, na wafanyakazi walionekana kwenye mauaji wakiwa na magari hayo na sare za kiwanda. Kwa hiyo juu ya wafanyakazi hao alikuwa na udhibiti, wa kisheria na wa hali halisi pia. Lakini majaji hawakwenda mbali zaidi ya ushahidi. Kuhusu wakazi wengine wa mkoa ule, wakiwamo watu wa mashamba ya chai ya wanavijiji, walisema haikuthibitishwa kwamba Musema alikuwa mkubwa wao kwa maana hiyo ya kisheria. Hadhi yake ilikuwa kubwa mbele ya watu wote hao, ila hadhi peke yake haikutosha. Hapo ndipo mahakama ilipochora mstari, na mstari huo unafaa kukumbukwa na kila anayependa kusema kwamba fulani “ana sauti” mahali fulani na kwa hiyo kila baya la hapo ni lake.

Sheria zetu za ndani zinatumia kipimo cha namna hiyo katika mambo ya kila siku. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja hali ambazo, ikiwapo hata moja, mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo; ya kwanza katika orodha hiyo ni kwamba namna anavyofanya kazi iko chini ya udhibiti au maelekezo ya mtu mwingine. Mkataba unaweza kuandikwa “mshirika” au “wakala” kwa herufi kubwa, na bado msuluhishi akauliza: nani anapanga saa, nani anapanga njia, nani anamwondoa asipotii? Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, akijipangia mwenyewe kijiwe na abiria, yuko katika hali tofauti na dereva anayepangiwa safari na nauli na programu ya simu, kisha akafungiwa akizikataa mno. Wa pili anaamrishwa zaidi, ingawa hakuna bosi anayemfokea.

Maji ya Ruaha Mkuu yanastahili nafasi pana zaidi, kwa sababu hapo watu wengi wenye mamlaka halali wamekutana na jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayelidhibiti peke yake. Mto huo hupokea mito inayoshuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe, hupita bonde la Usangu na tindiga la Ihefu, hutokea Ng'iriama, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hatimaye huingia bwawa la Mtera, ambako pia hufika Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini. Mtera ina kituo cha umeme cha megawati 80, lakini lilijengwa kwanza kabisa liwe ghala la maji ya kituo cha Kidatu, chenye megawati 204. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu ya mto inayopita hifadhini imekuwa ikikauka kiangazi.

Nani anaudhibiti mto huo? Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, hutoa vibali vya kutumia maji. Kibali hutaja kiasi. Mkulima wa mpunga Mbarali hukutana na banio (kizuizi kinachoelekeza maji ya mto shambani), mfereji na jirani wa juu aliyeamka mapema kuliko yeye. Mwenye kufungua na kufunga banio usiku wa Oktoba ana nguvu juu ya maji hayo ambayo ofisi haina, kama vile ofisi ilivyo na kumbukumbu za bonde zima ambazo yeye hana. Watumiaji wa chini wanaona matokeo tu. Umeme ulipopungua nchini katika miaka ya 1990, lawama ilipandishwa juu mtoni, kwa wakulima na wafugaji wa Usangu. Uchunguzi wa baadaye wa wataalamu wa maji ulionyesha kwamba namna maji yalivyofunguliwa Mtera yenyewe ilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu ule. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao wakaanza kuhamishwa Usangu, na mwaka 2008 eneo kubwa likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka kiangazi. Naandika hivi bila kudharau nia ya hatua zile. Ninachokisema ni kwamba Serikali ilitumia njia iliyokuwa karibu na mkono wake, na njia iliyo karibu na mkono si lazima iwe ndiyo inayoshika mto. Jumuiya za watumia maji, zinazokutanisha watu wa banio la juu na wa banio la chini wakagawana zamu, zina mamlaka madogo sana kwenye karatasi, na pale zinapofanya kazi ndizo zinazokaribia udhibiti wa kweli, kwa kuwa anayepewa zamu na anayeweza kuivunja wanaonana.

Teknolojia inalichukua tatizo hili na kuliongezea kasi. Dereva wa lori anayeteremka mlima wa Kitonga kwa gia kubwa, breki zikashika moto katikati ya kona, ameshika usukani na bado gari haliko chini yake. Nafasi yake ya kudhibiti ilikuwa kileleni, alipochagua gia, na nyingine ilikuwa gereji, kwa mwenye gari. Mashine za kivita zimefikia hatua hiyohiyo. Mwaka 2003 nchini Iraki, mitambo ya Marekani ya makombora ya Patriot iliitambua kimakosa ndege ya Uingereza aina ya Tornado, kisha siku chache baadaye ndege ya Marekani yenyewe, na kuzitungua zote mbili na kuua marubani wake. Binadamu walikuwapo kwenye mtambo. Walikuwa na sekunde chache tu za kuamua, na walikuwa wamefunzwa kuuamini. Kuwapo kwa mtu mbele ya kitufe, bila muda wala habari za kumwezesha kukataa, kunazaa mtu wa kulaumiwa tu. Ndiyo maana katika mazungumzo yanayofanyika Geneva tangu mwaka 2014 kuhusu silaha zinazojichagulia shabaha, hoja kubwa imekuwa ni kiasi gani cha udhibiti wa kweli wa binadamu kibaki. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza juu ya silaha hizo kwa kura 152 dhidi ya 4.

Vita hivyo viko mbali nasi, ila maamuzi ya mashine yameshafika Mwanjelwa na Mafinga: mkopo wa simu unakataliwa, laini inafungwa, akaunti inazuiwa, na mtoa huduma wa dirishani anajibu kwamba “mfumo ndio umekataa”. Shaaban Robert, katika riwaya yake ya Kusadikika, alimweka Karama kizimbani kwa mashtaka ya Waziri Majivuno, kwa kosa la kufundisha watu sheria, na nguvu yote ya kisa hicho inatokana na jambo moja: hata katika nchi ile ya dhuluma mshtakiwa alipewa nafasi ya kusema, na kwa kusema kwake akaibadili hukumu. Mfumo hauna masikio ya namna hiyo mpaka sheria iulazimishe uwe nayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeanza kuulazimisha. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na haki ya kupinga uamuzi unaomgusa kwa uzito endapo umefanywa na mtambo pekee. Kwa hiyo jibu la dirishani lisikutoshe. Andika barua kwa taasisi husika, ibaki nakala, uliza ni taarifa zipi zilizotumika na utake binadamu aliye na uwezo wa kuubadili uamuzi aupitie upya. Ukinyimwa, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na katika barua hiyo omba pia utajiwe cheo cha ofisa atakayeupitia, maana ikiwa hakuna hata mmoja ndani ya taasisi anayeweza kuutengua, Tume inapaswa kulijua hilo mapema.