MAGAZIJUTO haimtoshi mwalimu

"Mwalimu wa shule ya msingi anasomea hisabati chuoni ya nini? Kujumlisha na kutoa si anajua tayari?" Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na huulizwa na watu ambao maoni yao yana uzito katika kupanga vipindi vya vyuo vya ualimu. Wanadhani kujua jibu na kujua kwa nini mtoto amelikosa ni ujuzi mmoja.

Chukua 403 − 157. Jibu ni 246. Neema ameandika 354, Juma ameandika 256. Kalamu nyekundu inawapa wote kosa, halafu inapita. Lakini Neema ametoa namba ndogo kwenye kubwa kila safu bila kujali ipi iko juu: 7 toa 3, 5 toa 0, 4 toa 1. Haoni 403 kama namba moja. Juma amesonga mbele zaidi. Amevunja mia moja kuwa makumi kumi, akapeleka kumi moja kwenye mamoja akapata 13, ila akasahau kwamba makumi yamebaki 9. Ameacha 10. Kwa hiyo ametoa 157 kwenye 413. Ukimrudisha Juma mwanzo kabisa unamchosha bure. Ukimfundisha Neema kuvunja mia, hana pa kuiweka.

Na neno "kukopa", tunaloliita kuvunja huko darasani, linachangia mkanganyiko. Aliyekopa hulipa, na hapa hakuna anayelipa. Noti ya elfu kumi inachenjiwa kuwa elfu moja moja kumi, pesa ni ileile. Ipo njia ya zamani ambayo kweli ilikuwa ya kukopa na kulipa: unaongeza 10 kwenye mamoja ya juu, unalipa 1 kwenye makumi ya chini. Sisi tumebaki na jina la njia ile huku tukifundisha nyingine.

Sehemu, yaani namba kama ½, nazipitia haraka. Mwambie mwanachuo atunge swali la maneno la 3 ÷ ½. Wengi huleta mikate mitatu na watu wawili, yaani 3 ÷ 2. Swali linalofaa ni lita 3 za maziwa kwenye vikombe vya nusu lita: vikombe 6. Anayejua tu "pindua ya pili, zidisha" hawezi kuona kwamba swali lake ni la hesabu nyingine.

Sasa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. GA kutangulia ZI hakuna madhara. 12 × 6 ÷ 3 ukianza na kugawanya ni 12 × 2 = 24; ukitoka kushoto ni 72 ÷ 3 = 24. Balaa liko kwenye JU na TO. 10 − 4 + 3 ni 9. Anayefuata herufi anajumlisha 4 na 3, kisha 10 − 7, anapata 3. Alama ya kutoa ilikuwa ya 4 peke yake. Yeye ameihusisha na 3 pia. Alama hutembea na namba iliyo kulia kwake. Ukitaka kujumlisha kwanza, kusanya zinazojumlishwa, 10 + 3, ndipo utoe 4. Marekani kifupisho chao, PEMDAS, kinatanguliza kuzidisha, na huko 24 ÷ 4 × 2 ndiyo inayoharibika: 3 badala ya 12. Kanuni yenyewe ni kwamba GA na ZI zina cheo kimoja, JU na TO cheo kimoja, na unakwenda kutoka kushoto.

Je, tuiache MAGAZIJUTO? Sijaamua. Inakaa kichwani kuliko chochote tutakachoweka badala yake. Na hata kanuni sahihi ina ukingo: 8 ÷ 2(2 + 2) wapo wanaopata 16 na wapo wanaopata 1, kwa sababu hawajakubaliana kama 2 iliyogusana na mabano inatangulia. Anayeandika swali hilo ubaoni ndiye mwenye kosa. Aongeze mabano.

Mtihani wa chuo ungeuliza hivi: ili uthibitishe tatizo la Juma, utampa swali gani? Anayechagua 543 − 128 amekwama, maana halina sifuri na Juma atapata 415, sawa kabisa. 502 − 138 inafaa: jibu ni 364, Juma ataandika 374, Neema 436.