Uhalisia wa kutengenezwa ndani ya muvi ni nini hasa?

Swali aliniuliza mtoto wa dadangu Jumapili moja mvua ikinyesha hapa Umoja, tumekaa tunaangalia The Truman Show, mimi mara ya sijui ngapi, yeye mara ya kwanza. Akaniambia anko, sasa huyu jamaa amefungwa ama hajafungwa? Nikaanza kumjibu nikajikuta naongea mpaka chai ikapoa, kwa hivyo wacha niandike hapa vile nilimwambia, pamoja na zenye sikumwambia juu nilizikumbuka baadaye nikiosha vyombo.

Hiyo kitu alikuwa anauliza, tuiite uhalisia wa kutengenezwa. Ni dunia yenye mtu anaishi ndani yake akiiona ya kawaida kabisa, kumbe kuna mwingine ameipanga, na huyo mpangaji ana faida yake. Wengi huichanganya na uongo wa kawaida. Uongo unaweza kuukamata, mtu anakuambia amefika Archives na wewe uko hapo Archives humuoni, basi, umemkamata. Lakini kwa uhalisia wa kutengenezwa utashika nini, wakati kila kitu kinaunga mkono kingine, jirani anasema vile redio imesema, redio inasema vile mwalimu alisema, na hata jua linachomoza saa yenye limeambiwa lichomoze? Ukishuku moja, zingine zote zinakuja kukutuliza. Zinakuambia wewe ndio umechoka, enda ulale.

Kama hujaiona hiyo muvi, ni ya 1998, dairekta ni Peter Weir, skripti ni ya Andrew Niccol, na staring ni Jim Carrey, yule tulizoea akivuta sura za kuchekesha, hapa ametulia kidogo. Anaitwa Truman Burbank, anauza bima, bibi yake ni nesi, anaishi kisiwa kisafi sana kinaitwa Seahaven chenye majirani wanasalimia kila asubuhi. Chenye hajui ni kwamba kisiwa chote ni studio iliyofunikwa na kuba moja kubwa, kamera ziko kama 5,000, kila mtu anayemjua ni mwigizaji pamoja na bibi na beste yake wa utotoni, na yeye alichukuliwa akiwa mtoto mchanga na kampuni. Familia haikuwepo, ni kampuni ilimuasili kisheria. Dunia nzima inamuangalia laiv masaa 24 tangu azaliwe na anakaribia miaka 30. Mwenye kupanga haya yote anaitwa Christof, ofisi yake iko juu kabisa, ndani ya mwezi. Eti mwezi wenyewe ndio kontroo rumu. Hiyo peke yake ilinimaliza.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Jela ya Kamiti kuna ukuta, kuna askari, na kila mtu aliye ndani anajua yuko ndani. Seahaven hakuna askari. Kuna daraja, kuna bahari, kuna ofisi ya kukata tiketi za ndege, kila kitu cha kutokea kiko hapo. Lakini Truman akiwa mdogo walimtoa na babake kwa mashua, wakaleta dhoruba ya kutengenezwa, babake "akazama" mbele ya macho yake, na kutoka siku hiyo akiona maji anatetemeka. Darasani akasema anataka kuwa mvumbuzi wa nchi mpya, mwalimu akamuonyesha ramani akamwambia umechelewa, hakuna mahali pamebaki pa kuvumbua. Ameenda kukata tiketi akiwa mtu mzima, ukutani kuna poster ya ndege imepigwa na radi imeandikwa inaweza kukupata na wewe. Fikiria hiyo, kwa ofisi ya kuuza safari!

Wakenya tuna msemo mbuzi hula kulingana na urefu wa kamba yake, tumeutumia sana kwa wanasiasa mpaka tumesahau unaongea kuhusu kamba. Mbuzi wa kawaida anaiona kamba yake, akivuta shingo inamuuma. Ya Truman imefungwa ndani ya tumbo, akikaribia bahari ni yeye mwenyewe anajirudisha, tena anaona hayo ni mawazo yake, ni vile yeye alizaliwa, ni mtu wa kupenda nyumbani tu. Hapo ndipo udhibiti kwenye hizi muvi unakuwa na akili. Ukuta ni ghali kujenga na mtu anaweza kuuchimba, lakini woga ukimpandia mtoto wa miaka sita ama saba, yeye mwenyewe atautunza bure hadi uzeeni.

Kuna mahali Christof anahojiwa na TV, na kwangu hiyo ndio sehemu nzito kuliko hata ile ya mwisho. Mwanamke mmoja anapiga simu anamlaumu amemfunga mtu, na Christof kwa upole kabisa anajibu kwamba Truman angetaka kwa dhati kuondoka hakuna mtu angeweza kumzuia, na kwamba anakipenda chumba chake cha jela. Sikiliza hiyo vizuri, juu sio uongo wote. Mlango kweli upo. Lakini aliyesema mlango uko wazi ni yule yule alizamisha baba ya mtu ili mlango usikaribiwe. Nikimsikiliza mimi huskia kila bosi amewahi kuambia wafanyikazi kama hupendi hapa geti haijafungwa, na anajua una rent ya tarehe tano.

Na pesa, tusisahau pesa. Hiyo show haina mapumziko ya matangazo, kwa hivyo matangazo yanaingia ndani ya maisha. Bibi yake anashika mkebe wa kakao, anageukia kamera, anausifu vizuri na tabasamu, wakati huo huo mumewe amechanganyikiwa kabisa anamuuliza unaongea na nani? 1998 watu walicheka. Saa hii nafungua simu naona mtu namjua kabisa, tulisoma na yeye, amekaa kwa kochi ya Airbnb huko Kilimani ameshika sabuni ya kufulia anaiongelesha kama mtoto wake, na hakuna mwenye anacheka, tunauliza bei. Tofauti na Truman ni kwamba huyu alisaini mwenyewe na kamera ni yake. Kama hiyo inamfanya kuwa huru zaidi ama kidogo tu, bado naifikiria.

Dunia ya kutengenezwa huwa inavuja, na hizo muvi huishi kwa kuvuja. Taa inaanguka kutoka angani, imeandikwa jina la nyota. Mvua inamnyeshea yeye peke yake, akisonga inamfuata. Redio ya gari inashika mawasiliano ya watu wa kamera wakitaja barabara zenye anapita. Siku moja anaingia basi ya kwenda mji mwingine, dere anashika gia, gia inalia krrr mpaka basi inakufa, juu yule ni mwigizaji amevaa tu yunifomu, kuendesha hajui. Hapo tulicheka sana, mtu wa Umoja unamwambiaje kuna basi haitoki steji juu dere ni wa kujifanya? Huku kwetu dere wa kujifanya ndio anatoka wa kwanza.

Mwaka uliofuata, 1999, ikaja The Matrix ya wale ndugu wa Wachowski na hiyo ndio imeharibu mazungumzo kidogo, sio makosa yao. Ndani yake watu wamelala, mashine zinatumia miili yao kama betri, na akilini wanaishi ndoto moja ya pamoja. Kila mtu online anakumbuka vidonge viwili, cha buluu urudi kulala na cha nyekundu ujue ukweli, na siku hizi kila mwenye amesoma makala mbili anasema ameshameza chake. Ni kama ukweli ni dawa ya malaria, unameza mara moja unapona.

Mimi kwa hiyo muvi huenda mahali pengine. Kuna vile yule ajenti wa mashine anaeleza kwamba dunia ya kwanza mashine zilitengeneza ilikuwa tamu kabisa, hakuna mateso, na binadamu wakaikataa, wakafa wengi sana, ikabidi watengeneze nyingine yenye shida. Hiyo ni fundi anaongea. Uhalisia wa kutengenezwa ukitaka ukubalike lazima uwe na usumbufu wa kutosha. Kama Nairobi ni ya kutengenezwa basi aliyeiandika anajua kazi, ametuwekea jam ya Mombasa Road na token za stima zinaisha saa tatu usiku, nani atashuku? Halafu kuna Cypher, yule ameujua ukweli, ameishi kwa ukweli miaka, amechoka na uji wake, anakaa mbele ya sahani ya nyama ya ndotoni na anakubali kusaliti wenzake ili arudishwe ndotoni na asikumbuke chochote, na akiwa anaomba anaomba arudi akiwa tajiri, mtu wa maana, kama mwigizaji. Mara ya kwanza nilimchukia. Sasa nimezeeka kidogo, bado simpendi lakini ile nyama kwa sahani ninaielewa.

Lakini tusiongee kama hii ni stori ya Wamarekani na kompyuta. Huku sinema ililetwa ikiwa chombo cha kupanga watu. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza ulioweka kambi Vugiri, kule Usambara Tanganyika, wakitengeneza filamu za kufunza Waafrika kilimo, afya, kuweka pesa posta, na kuzizungusha na lori Afrika Mashariki. 1939 London ikaanzisha Colonial Film Unit, na mkuu wake William Sellers alikuwa na nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka, kwa hivyo mchezo uwe wa polepole, picha moja ikae sana, hakuna kukatakata, hakuna ujanja wa kamera. Yaani kabla hata filamu ianze, mtazamaji alikuwa ameshatengenezwa, ameandikwa mjinga kwa karatasi, halafu filamu ikatengenezwa ya kumtoshea huyo mtu wa kwa karatasi. Kwangu hiyo ndio tafsiri kamili ya hii dhana, inashinda hata Seahaven.

Na haijaisha, imebadilika tu mkono. 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilienda tamasha la filamu la Cannes Ufaransa, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule, huku nyumbani bodi ya filamu ikaipiga marufuku, mpaka mahakama kuu ikaifungulia siku saba pekee mwezi wa tisa. Watu wakajaza ukumbi hapa Nairobi. Siku saba, kisha pazia. Uipende ama usiipende hiyo filamu, mtu fulani alikaa akaamua ni maisha gani ya Nairobi yanaruhusiwa kuonekana ni ya Nairobi.

Sasa, zile lori za ukoloni zilikuwa na mtu mwenye mikrofoni, mkalimani, anasimama kando ya skrini anaeleza watu kwa lugha yao. Kazi yake ilikuwa kupitisha ujumbe wa serikali vile ulivyo. Mimi nimekulia vibanda vya vidio vya shilingi 10, mabenchi ya mbao, moshi wa mahindi, na huko pia kulikuwa na sauti juu ya picha, lakini hii ilikuwa ya DJ Afro. Anachukua muvi ya Mchina ama Mhindi, anaongea juu yake kwa Kiswahili na Sheng, anakuambia mapema adui ni nani, anamcheka staring akipigwa, anabandika mambo ya mtaani kwetu juu ya mtu wa Hong Kong. Muvi ilikuja imefungwa kila kitu, muziki unakuambia lia hapa, ogopa hapa, na huyu jamaa anaifungua mbele yetu kama redio, tunaona waya. Na bado tunaogopa pahali pa kuogopa! Unajua ni ya kutengenezwa, unaishi ndani yake masaa mawili, unatoka nje unapigwa na jua. Truman hakuwahi kupata mtu wa kumuongelesha juu ya picha. Aliyejaribu, yule msichana Sylvia, walimbeba kwa gari wakasema ni mgonjwa wa akili.

Kwa hivyo nilimwambia kijana amefungwa, ndio, lakini usitafute kufuli kwa mlango. Tafuta ni nani alimfunza kuogopa maji, halafu uangalie huyo mtu analipwa na nani. Tukafika mwisho, mashua ikagonga ukuta uliopakwa rangi ya mbingu, jamaa akapanda ngazi, akainama kama mtu wa jukwaani, akatoka. Kule nje kwake hatuonyeshwi, na mimi naona dairekta alifanya vizuri. Wahudumu wawili wa maegesho ya magari waliokuwa wanaangalia kwa TV wanaulizana kwingine kuna nini.

Kijana akanyamaza kidogo. Mvua ilikuwa imeacha.

"Anko, na yule dere wa basi?"

"Dere gani?"

"Yule hajui kuendesha. Show imeisha, ataenda wapi sasa?"

Nikamwambia hiyo sijawahi kuifikiria.

"Na hata leseni hana," akasema, akaenda kuanika viatu vyake vya shule.