Sauti haitoki kwenye Linux: dhana potofu zinazopoteza muda, na ukweli wake

Kompyuta ya mezani yenye Linux ikinyamaza ghafla, ushauri wa kwanza utakaoupata ni wa kubadilisha kitu. Ondoa hiki, sakinisha kile, piga mfumo upya, nunua kadi ya sauti ya USB. Unatolewa haraka, kabla mtu yeyote hajauliza sauti imefika wapi na imekwama wapi. Mimi naona hilo ndilo swali pekee la kuanzia.

Wimbo unaoucheza huanzia kwenye programu, unaingia kwenye seva ya sauti (siku hizi mara nyingi ni PipeWire), unashuka kwa ALSA, sehemu inayosimamia kadi za sauti ndani ya keneli (kiini cha Linux), unafika kwenye chipu, kisha unatoka kwa waya hadi kwenye spika. Bomba lisipotoa maji, fundi mzuri hulifuata kuanzia kwenye tangi, haanzi kwa kuvunja ukuta. Dhana nilizozikusanya hapa zote zinamfanya mtu avunje ukuta kwanza.

Dhana: "Linux haina draiva ya kadi yangu ya sauti"

Miaka ya 1990, enzi za kadi za kuchomeka na mfumo wa zamani wa sauti ulioitwa OSS, neno hili lilikuwa na uzito. Kwa kompyuta ya mezani ya leo halina uzito huo. Intel ilitoa kiwango cha HD Audio mwaka 2004, na madabodi za Intel na za AMD zikakifuata. Kwa hiyo draiva moja ya keneli, `snd_hda_intel`, inahudumia chipu nyingi mno, zikiwemo za Realtek zilizojaa kwenye kompyuta za ofisi zinazouzwa mtumba.

Usibishane kwa maneno, iulize mashine yenyewe. Fungua terminali uandike:

`cat /proc/asound/cards`

Ukiona jina kama HDA Intel PCH, HDA NVidia au HD-Audio Generic, keneli imeitambua kadi na draiva ipo. Hapo achana kabisa na habari za kutafuta draiva, kwa sababu sauti imekwama mahali pengine. Ukiona `--- no soundcards ---`, sasa una kesi ya kweli. Ingia BIOS uangalie kama sauti ya madabodi haikuzimwa huko, hasa kama mashine iliwahi kuwa ya ofisi. Halafu endesha `lspci -k`, utafute kifaa chenye neno Audio, usome kama chini yake kuna mstari wa "Kernel driver in use".

Kuna kundi moja ambalo malalamiko yao ni ya haki: wenye kompyuta mpakato, na baadhi ya kompyuta ndogo za mezani, zenye vichakataji vya Intel vya miaka ya karibuni. Humo sauti hupitia kichakataji kidogo cha pembeni kinachohitaji fimwea yake (programu inayoendesha kifaa chenyewe), iitwayo Sound Open Firmware. Fimwea isipokuwepo, kwenye mipangilio utaona kifaa kimoja tu, "Dummy Output". Dawa ni kusakinisha kifurushi: `firmware-sof-signed` kwenye Debian, `alsa-sof-firmware` kwenye Fedora, `sof-firmware` kwenye Arch. Kisha washa mashine upya.

Dhana: "Nimeongeza sauti hadi mwisho, kwa hiyo iko wazi"

Kitelezi unachokiona pembeni ya saa ni kimoja kati ya vingi. Programu ina chake, seva ya sauti ina chake, na chipu yenyewe ina vyake kadhaa: Master, Front, Headphone, PCM, na wakati mwingine Line Out peke yake. Kimoja kikiwa kimenyamazishwa, vingine vyote hata vikifika asilimia 100 hutasikia kitu.

Andika `alsamixer`. Watu wengi hufika hapo, wakaona mhimili mmoja au miwili tu, wakaridhika kwamba kila kitu kiko sawa. Wanachokitazama ni kadi ya kufikirika iliyowekwa na seva ya sauti. Bonyeza F6, uchague kadi halisi, na mihimili ya chipu itatokea. Tazama chini ya kila mhimili: herufi MM maana yake njia hiyo imenyamazishwa, OO maana yake iko wazi. Nenda kwenye mhimili kwa mishale, bonyeza M, na MM itageuka kuwa OO. Ukimaliza, `sudo alsactl store` itahifadhi hali hiyo.

Ukiwa humo humo, sogea kulia hadi utafute "Auto-Mute Mode". Kipengele hiki hunyamazisha spika pale chipu inapohisi hedifoni zimechomekwa. Tundu la mbele likilegea, au waya wake wa ndani ukiwa umechomekwa vibaya kwenye madabodi, chipu huamini kuna hedifoni wakati hakuna, na spika za nyuma hukaa kimya. Kiweke Disabled ujaribu tena. Nawaomba wauzaji na mafundi wajaribu hili kabla ya kumwambia mteja kwamba madabodi imekufa.

Kuhusu kuvuka asilimia 100: hilo linawezekana, lakini nguvu ya ziada inatengenezwa na programu kwa kukuza mawimbi yale yale. Yakifika ukomo yanakatwa vichwa, na sauti inaanza kukwaruza. Spika ikikwaruza, shusha hadi 100 kwanza kabla hujaihukumu.

Dhana: "Sisikii kitu, kwa hiyo kompyuta haitoi sauti"

Hapa ndipo ningependa kila mtu apitie kwa utulivu, maana kwenye kompyuta za mezani ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kadi ya picha, iwe ya NVIDIA, AMD au ile ya ndani ya Intel, hubeba pia sauti kupitia HDMI na DisplayPort. Ukiunganisha monita kwa kebo hiyo, mfumo unaona vifaa viwili vya kutolea sauti, na unaweza kuchagua monita. Monita nyingi za ofisi hazina spika. Sauti inatoka, inasafiri kwenye kebo, inafika kwenye kifaa kisicho na uwezo wa kuitoa.

Sakinisha `pavucontrol`, anzisha wimbo, kisha ufungue kichupo cha Playback. Chini ya jina la programu kuna mstari unaocheza kufuata wimbo. Mstari huo ukicheza, programu na seva hazina kosa. Nenda kichupo cha Output Devices uangalie mstari unacheza chini ya kifaa gani. Ukicheza chini ya HDMI ilhali spika zako ziko kwenye tundu la nyuma, umeshapata jibu: bonyeza alama ya tiki kwenye kifaa cha pili, kiwe ndicho chaguo la kawaida. Kama kifaa cha pili hakionekani kabisa, fungua kichupo cha Configuration, kwa kuwa profaili ya kadi hiyo huenda imewekwa Off.

Asiyependa madirisha atumie `wpctl status`. Kifaa kinachotumika kina alama ya nyota, na `wpctl set-default` ikifuatiwa na namba ya kifaa unachokitaka hubadilisha.

Usisahau nyuma ya kasha. Tundu la kijani ni la kutoa sauti, la waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kuingiza sauti kutoka nje. Pini inaingia vizuri kabisa kwenye tundu lisilo lake.

Ukitaka kuiruka seva ya sauti uijaribu chipu moja kwa moja, simamisha muziki, subiri sekunde chache kadi iachiliwe, kisha:

`speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav`

Namba ya kwanza ni ya kadi na ya pili ni ya kifaa. Utazipata kwa `aplay -l`. Ukisikia sauti ya mtu ikitaja kushoto na kulia, chipu, waya na spika ni vizima, na kadi mpya ya USB huihitaji.

Dhana: "PulseAudio ndiyo mkorofi, iondoe"

Ushauri huu una historia. PulseAudio, seva ya sauti iliyoanzishwa na Lennart Poettering, iliingia kama chaguo la kawaida kwenye Fedora 8 Novemba 2007 na Ubuntu 8.04 Aprili 2008. Ilitumia draiva kwa namna ambayo programu za zamani hazikuwahi kuzitumia, kasoro za draiva hizo zikajitokeza, na watu wakaumia kweli. Maelekezo ya kuiondoa yaliandikwa wakati huo, na bado yanazunguka mtandaoni kana kwamba ni ya jana.

Mambo yamebadilika. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans akiwa Red Hat, ilichukua nafasi hiyo kwenye Fedora 34 mwaka 2021, kisha Ubuntu 22.10 mwaka 2022. Andika `pactl info` usome mstari wa "Server Name". Ukiona PulseAudio ikifuatiwa na maneno "on PipeWire", inayofanya kazi ni PipeWire. Jina la zamani limebaki ili programu za zamani zizungumze nayo. Ukianza kung'oa vifurushi kwa kufuata maelekezo ya 2009, unaweza kuondoa pia sehemu za mazingira ya mezani zinazovitegemea, au ukabaki na seva mbili zinazogombea kadi moja.

Seva ikikwama, iwashe upya bila kung'oa chochote:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Na kama uliwahi kufuata maelekezo ya zamani, angalia kama kuna faili la `.asoundrc` kwenye folda yako ya nyumbani. Linaweza kuwa linazielekeza programu kwenye kadi namba 0 hata kama kadi hiyo sasa ni ya monita. Libadilishe jina, utoke na kuingia tena.

Dhana: "Ikikataa, weka sudo"

PipeWire na PulseAudio huendeshwa kwa jina la mtumiaji aliyeingia, si kwa jina la root, yule msimamizi mkuu ambaye `sudo` hutumia jina lake. `sudo pavucontrol` inatafuta seva ambayo root hana, kisha inalalamika kwamba haikuunganishwa. Ubaya zaidi, inaweza kuacha mafaili ya root ndani ya `~/.config/pulse`, na kuanzia hapo wewe mwenyewe unazuiwa kwenye mipangilio yako. Angalia mwenye folda kwa `ls -ld ~/.config/pulse`.

Dhana: "Piga mfumo upya, itarudi"

Mipangilio ya sauti ya mtumiaji hukaa kwenye folda yake ya nyumbani. Ukipiga mfumo upya ukaacha folda hiyo, kosa linakusubiri pale pale. Fungua akaunti mpya ya mtumiaji uingie nayo: sauti ikitoka huko, kosa liko kwenye mipangilio yako, si kwenye mfumo. Au washa kompyuta kwa flashi yenye Linux ya kujaribia bila kusakinisha. Ikitoka sauti humo, vifaa ni vizima.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wajaribu pia kuzima kabisa, kuchomoa waya wa umeme kwa muda mfupi, kisha kuwasha Linux moja kwa moja. Kuna chipu zinazobaki katika hali zilizoachwa na mfumo uliotangulia.

Dhana: "Mlio wa 'tik' maana yake spika inakufa"

Mlio mfupi kila wimbo unapoanza au muda mfupi baada ya kuisha mara nyingi ni chipu inayolala ili kuokoa umeme. Weka mstari `options snd_hda_intel power_save=0` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, uwashe upya.

Dhana: "Linux inaharibu sauti ya hedifoni za Bluetooth"

Muziki hupitia A2DP, hali ya Bluetooth yenye ubora mzuri lakini inayopeleka sauti upande mmoja tu, kwenda kwenye hedifoni. Maikrofoni ya hedifoni ikihitajika, kwa mfano umeingia kwenye mkutano, muunganisho huhamia HFP au HSP, hali za mazungumzo, ambako sauti huwa ya kHz 8 au 16, ya mono, kama ya simu. WirePlumber, programu inayoisimamia PipeWire, inaweza kuhamisha muunganisho yenyewe. Hiyo ni mipaka ya Bluetooth ya kawaida, na mifumo mingine inayo vilevile. Tumia maikrofoni nyingine, ya kamera au ya waya, na kwenye kichupo cha Configuration rudisha A2DP.

Ukipita yote haya na bado kimya, usiombe msaada kwa kusema "sauti haitoki" peke yake. Endesha `alsa-info --no-upload` (kwenye baadhi ya matoleo ya Linux ni `alsa-info.sh`), uchukue faili ambalo amri hiyo itakutajia mwishoni, na uongeze matokeo ya `wpctl status`. Humo mna jina la chipu, draiva, hali ya kila mhimili na kifaa kilichochaguliwa.