Je, wajua kwa nini treni hupendeza zaidi ikiwa ndogo pichani?

Malindi hakuna reli, na ile ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, bado iko kwenye ramani tu. Lakini ukishika barabara ya Lango Baya hadi lango la Sala, ukaikata mbuga ya Tsavo Mashariki mpaka upande wa Voi, utaiona treni ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ikipita juu ya tuta lake nyikani. Wapiga picha wengi huisogelea. Wachache hurudi nyuma kabisa, treni ikabaki mstari mwembamba chini ya milima ya Taita, na picha zao ndizo zinazokaa machoni.

Sababu ni kwamba nyika tupu haitaji ukubwa wake. Kilima cha pichani chaweza kuwa cha mita 50 au 500, hujui. Behewa je? Hilo unalijua, pengine umelipanda. Jicho likishaliona, kilima nacho kinapata kimo.

Wengi hudhani lenzi ndiyo inayopanga ukubwa huo. Sivyo, ni pale uliposimama. Tuseme treni iko mita 200 mbele yako na mlima uko kilomita 12. Rudi nyuma mita 1,800: treni inapungua mara kumi, lakini mlima, ambao sasa uko kilomita 13.8, haujapungua hata sehemu moja kwa saba. Hapo ndipo lenzi ya kuvuta inapofaa, ikaujaza mlima pichani. Lenzi pana hupunguza vyote pamoja, na mlima wa watu ukageuka kichuguu.

Umbali una gharama yake, lakini. Adhuhuri ardhi ya Tsavo huchemka, hewa ya moto ikapinda mwanga, na mazigazi yale yale unayoyaona barabarani yakayeyusha mabehewa. Hakuna lenzi ya bei inayotibu hilo. Piga asubuhi, hasa baada ya mvua kulaza vumbi.

Mbugani huruhusiwi kushuka garini ovyo, kwa hiyo zima injini isitikise kamera, uilaze juu ya kifuko cha maharage dirishani. Mwendo wa treni usikutishe: kwa kilomita 120 kwa saa, katika 1/500 ya sekunde ambayo kamera inafunguka husogea kama sentimita 7, na kutoka kilomita mbili hakuna atakayeziona.