Viwimbi na joto la maji ya Ziwa Tanganyika

Kihisijoto kilichozamishwa kina cha mita 40, nje ya Kigoma, kikinasa kila dakika 10, hujaza namba 1,024 kwa siku 7 na ushei. Ndani yake mna mzunguko wa mchana na usiku, mporomoko pale maji baridi ya chini yanapopanda hadi kilipo, na kelele, yaani mitikisiko ya kubahatisha ya vipimo. Hesabu ya Fourier itakutajia mizunguko iliyopo. Saa ambayo maji yalipoa haisemi. Weveleti, yaani viwimbi, husema.

Kiwimbi cha Haar, cha tangu 1910, kinapigika kwa kalamu. Chukua 26.4, 26.6, 26.5, 25.3. Oanisha: wastani ni 26.5 na 25.9, nusu ya tofauti ni −0.1 na 0.6. Hiyo 0.6 ndiyo mporomoko, na jozi ilimokaa inakupa saa yake. Zile wastani nazo zioanishe tena, ngazi kwa ngazi. Ngazi ya 1 hushika mawimbi ya dakika 20 hadi 40. Ya 7, takriban saa 21 hadi 43, ndimo umo mzunguko wa siku.

Kugawa kwa 2 ni kwa kujifunzia tu. Programu hugawa kwa kipeuo cha pili cha 2, ili kelele iwe na ukubwa uleule kila ngazi na kizingiti kimoja, yaani kiwango ambacho tofauti ndogo kuliko hicho huhesabiwa kelele, kitoshe. Kizingiti cha wanatakwimu Donoho na Johnstone (1994) hupatikana hivi: tofauti za ngazi ya 1, bila alama zake, zipange kwa ukubwa, ya katikati igawe kwa 0.6745. Ikitoka 0.04, izidishe kwa kipeuo cha pili cha 2 ln 1,024 (ln ni logi asilia), yaani 3.72: unapata 0.15. Tofauti zisizofika hapo zifanye sifuri, kisha rudi ngazi kwa ngazi hadi upate tena mfululizo wa joto. Kwangu mimi ni kikali mno, kwa hiyo ngazi ya 6 kwenda juu siigusi.

Kinachowaponza wengi ni kihisi kupotoka mara moja na kusoma nyuzi 4. Viwimbi haviifuti namba hiyo. Tofauti yake ni kubwa, inavuka kizingiti kama tukio halali. Kwa hiyo tanguliza kichujio cha namba ya kati katika kila tatu. Kingo nazo: programu ikiunganisha mwisho wa data na mwanzo wake, na wiki ilianza 26.8 ikaishia 25.9, huzaliwa mruko wa uongo. Chagua kuakisi kingo, yaani namba za ukingoni zirudiwe kinyumenyume.

Na “D4”, jina la kiwimbi cha familia ya Daubechies, angalia mara mbili: kwa wengine ni vizidishi 4, kwa wengine 8.