Kenya 2003: haikuwa ya mezani tu

Kuna ile meseji ya kriketi inarudi kila saa kwa magrupu, eti Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 bila kushinda mechi yoyote ya maana, pointi zote za mezani, yaani za kupewa bila kucheza. Jamani si kweli.

Ya mezani ilikuwa moja tu, New Zealand walikataa kuja Nairobi wakisema usalama, na zile pointi zilisaidia sana, hilo hatukatai. Ndo maana watu wanachanganyikiwa, hiyo moja imekumbukwa mpaka ikameza zingine. Lakini Canada, Bangladesh na Zimbabwe walipigwa uwanjani, na Sri Lanka, mabingwa wa 1996, walichapwa hapa hapa Nairobi, Kenya rani (pointi za kupiga) 210, wao 157, yule kijana wetu wa spini (mrushaji wa mipira ya kuzunguka), Collins Obuya, akachukua wiketi 5, yaani akatoa wapigaji watano, kwa kuwapa rani 24 tu ndani ya ova 10 (kila ova mipira sita)! Na huyo huyo, wanaosema alibahatisha siku moja, 2011 kule Bangalore alipiga rani 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, safari hii akiwa na bat mkononi. Mimi hiyo siiti bahati.

Kabla hujaforward fungua skokadi (karatasi ya matokeo) ya hiyo mechi ya Sri Lanka, 24 Februari 2003, ziko bure mtandaoni, angalia safu ya wiketi. Ukiipata tena hiyo meseji usiitume mbele tafadhali, mjibu aliyeileta na skokadi, kwa upole, pengine naye aliletewa tu.