Kukariri Kurani hakumdumazi mtoto

Wengi, wakiwemo walimu, huamini kwamba mtoto anayekariri Kurani chuoni, yaani madrasa, kabla ya kuelewa Kiarabu hudumaa akili, na kwamba kufikiri hufundishwa shuleni tu. Dhana hii ya miaka mingi inawavunja moyo watoto bure.

Katika miaka ya 1970, wanasaikolojia Sylvia Scribner na Michael Cole waliwapima Wavai wa Liberia. Huko kusoma kuna njia tatu: Kiingereza cha shule, Kiarabu cha chuoni, na hati ya Kivai, iliyobuniwa karne ya 19, ambayo watu hufundishana wenyewe kwa wenyewe ili waandikiane barua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981.

Jaribio moja lilikuwa hivi: unatajiwa neno, unalirudia, kisha mawili, kisha matatu, kwa mpangilio uleule, orodha ikizidi kurefuka. Waliosoma Kurani waliongoza, maana ndivyo aya zinavyohifadhiwa, kipande juu ya kipande. Katika kusimulia upya hadithi waliyosikia, hawakuwazidi wenzao. Waliosoma shule walikuwa hodari wa kueleza sababu za majibu yao, jambo ambalo mwalimu wa darasani hulidai kila siku. Hakuna kundi lililoonekana kuwa na akili zaidi kwa jumla.

Kwa hiyo mtoto wa Lamu au Unguja anayekwenda shule asubuhi na chuoni alasiri anapata mazoezi ya aina mbili. Tukitaka kukemea kitu chuoni, tukemee bakora.